Medicare ya Kawaida, D-SNP au PACE: Kumchagulia Mpango wa Afya Mzee Mwenye Medicare na Medicaid

Mama mmoja mwenye asili ya Fizi, Kivu ya Kusini, aliyekaa karibu miaka 20 katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa Marekani, aliniita nyumbani kwa binti yake nimsomee barua. Mimi ni mkalimani wa hospitali, na kusoma barua za watu jikoni mwao ni kazi isiyonilipa chochote lakini ambayo sijawahi kuweza kuikataa. Alimwaga mezani mfuko wa plastiki uliojaa bahasha zisizofunguliwa, na katikati ya bahasha hizo zikadondoka kadi nne: ya Medicare, yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu, ya Medicaid ya jimbo, ya mpango binafsi wa aina inayoitwa D-SNP, na ya kununulia chakula, ambayo mpango huo ulimpa kama faida ya ziada. Nikamwuliza ni ipi anayoitoa akifika kwa daktari. Akaichomoa ile ya chakula. "Hii ndiyo inatumika, baba," akasema. "Hizi zingine zinakaa tu."

Alikuwa na kisukari cha muda mrefu, figo zilizoanza kuchoka, na mkono wa kushoto uliolegea baada ya kiharusi. Aliyemwandikisha katika mpango ule alikuwa wakala wa bima aliyemweleza binti yake habari za kadi ya chakula, meno ya bandia na miwani bila kumwuliza hata mara moja jina la daktari wa figo. Miezi miwili baadaye, ofisi ya daktari huyo ilimwambia kwamba bima yake mpya haipokewi pale. Alikaa tangu Februari hadi Mei bila kumwona mtu aliyezijua figo zake.

Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya familia kama ile: watu wanaozungumza Kiswahili, wanaoishi Marekani, na ambao mzazi, mume au mtoto wao mwenye ulemavu ana Medicare na Medicaid kwa pamoja. Watu wenye bima hizo mbili kwa wakati mmoja ni zaidi ya milioni 12 nchini humo, na ndio wanaolengwa zaidi na matangazo, kwa sababu ndio wanaogharimu zaidi na ndio wanaolipiwa zaidi na serikali. Njia zilizo mbele yao zinaonekana kuwa nyingi, lakini kwa kweli ni tatu kubwa na mbili ndogo. Katika zote kuna swali moja ninaloliona kuwa na uzito kuliko kadi ya chakula na meno: mzee akianguka na kushindwa kuinuka tena, ni nani atakayelipa gharama za kumtunza kuanzia siku hiyo? Ukishalijibu, utajua ni nani mwenye sababu ya kumzuia asianguke.

Jinsi fedha zinavyokwenda

Medicare na Medicaid zilianzishwa kwa sheria moja mwaka 1965, lakini hazikuumbwa kufanya kazi pamoja. Medicare ni ya serikali ya shirikisho. Huwahudumia watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, pamoja na wenye ulemavu walio chini ya umri huo ambao wamepokea mafao ya ulemavu ya Social Security kwa miezi 24, na wenye figo zilizokufa. Hulipa hospitali, madaktari na dawa, lakini haimlipi mtu wa kumwogesha mzee kila asubuhi kwa miaka mitano. Kazi hiyo ni ya Medicaid, ambayo huendeshwa na jimbo na hubadilika jina ukivuka mpaka: California ni Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, Maine ni MaineCare. Medicaid ndiyo inayolipia makao ya wazee yenye wauguzi mtu akikaa muda mrefu, na ndiyo inayolipia wasaidizi wa nyumbani.

Matokeo yake ni kwamba mzee mmoja ana walipaji wawili wasiozungumza. Akipewa msaidizi wa kutosha nyumbani, jimbo ndilo linalogharimika, na akikosa kwenda hospitali kwa sababu ya msaidizi huyo, inayookoa fedha ni Medicare. Kila upande una sababu ya kumsukumia mwenzake mzigo, na mzee ndiye mzigo wenyewe.

Mipango maalumu ilibuniwa ili kuziba pengo hilo. Badala ya serikali kulipa kila huduma kwa bei yake, huulipa mpango kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama, na kiasi hicho huongezeka kadiri mwanachama alivyo na maradhi mengi. Kinachobaki ni cha mpango; kinachopungua, mpango unajitafutia. Malipo haya kwa kichwa hutoa msukumo wa aina mbili, na msomaji anapaswa kuzikumbuka zote mbili kila anapokutana na wakala. Mpango unaweza kuokoa fedha kwa kumpeleka muuguzi nyumbani kabla kidonda cha mguu hakijaoza. Unaweza pia kuziokoa kwa kukataa kibali cha kipimo.

Medicare ya kawaida pamoja na Medicaid

Hii ndiyo njia ambayo mtu huwa nayo asipochagua chochote, na kwa sababu hakuna wakala anayelipwa kamisheni kwa kuisifia, watu huidharau. Mgonjwa anaweza kumwona daktari yeyote nchini anayepokea Medicare, na karibu madaktari wote wa watu wazima wanaipokea. Kwa sehemu kubwa ya huduma hahitaji kibali cha awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya matibabu. Dawa hupatikana kwa kuongeza mpango wa dawa pekee, na mwenye Medicaid hupewa moja kwa moja ruzuku iitwayo Extra Help, ambayo hushusha bei ya dawa hadi dola chache.

Gharama huogopesha zaidi ya inavyostahili. Ni kweli kwamba mwaka 2025 Medicare ilitoza dola 185 kwa mwezi kwa Sehemu B, ile inayolipia madaktari, na baada ya hapo hulipa asilimia 80 tu ya bili ya daktari. Lakini mwenye kipato kidogo anayeingizwa katika daraja liitwalo QMB hulipiwa na jimbo ada ile ya mwezi, na sheria ya shirikisho inamkataza daktari au hospitali kumdai ile asilimia 20 iliyobaki. Nimewaona wazee wakilipa bili hizo kidogo kidogo kwa hundi ya dola 20 kila mwezi, kwa heshima na hofu, ilhali hawakupaswa kudaiwa hata senti. Bili ya namna hiyo ikifika, usiilipe kabla ya kupiga simu na kusema kwamba mgonjwa ana QMB.

Kasoro ya njia hii ni upweke. Hakuna mtu ambaye kazi yake ni kujua kwamba daktari wa moyo amebadilisha dawa ambayo daktari wa figo aliikataza. Binti ndiye mratibu, na binti yule anafanya kazi zamu ya usiku katika ghala. Familia yenye mtu mwenye muda, anayejua Kiingereza na asiyechoka kupiga simu huimudu vizuri sana njia hii. Isiyo na mtu kama huyo humpoteza mzee wake katikati ya ofisi sita.

D-SNP: neno moja, mipango mitatu isiyofanana

Sheria ya Medicare ya mwaka 2003 iliruhusu mipango ya Medicare Advantage, yaani ile ya kampuni binafsi zinazoendesha Medicare kwa niaba ya serikali, kuanzisha mipango ya mahitaji maalumu (SNP), na sheria nyingine ya mwaka 2018 ikaifanya iwe ya kudumu. D-SNP ni ile inayowapokea watu wenye Medicare na Medicaid pekee. Kwa maandishi, ahadi zake ni nzuri. Kila mpango wa aina hii lazima uwe na mwongozo wa utunzaji ulioidhinishwa, umfanyie mwanachama mpya tathmini ya afya ndani ya siku 90 na kuirudia kila mwaka, umwandikie mpango wake binafsi wa utunzaji, na uwe na timu ya watu wa fani mbalimbali inayomfuatilia.

Sasa niseme jinsi tathmini hiyo inavyofanyika katika nyumba nyingi nilizoingia. Simu inaita saa nne asubuhi kutoka namba isiyojulikana. Binti amelala baada ya zamu. Mama anaipokea, anasikia Kiingereza cha haraka, anasema "no English," anakata. Simu inarudi siku ya tatu. Safari hii binti anaipokea, anasikia mtu akiuliza tarehe ya kuzaliwa ya mama yake na namba ya Medicare, na kwa kuwa ameonywa mara nyingi juu ya matapeli, anakata yeye pia, na sioni kosa lake. Baada ya majaribio kadhaa mpango unaandika kwamba mwanachama hakupatikana. Mpango wa utunzaji unatengenezwa kutokana na rekodi za madai ya malipo peke yake, na barua inatumwa, na barua inaingia katika mfuko wa plastiki.

Kwa hiyo, ukimwandikisha mtu katika D-SNP, usisubiri simu. Piga wewe katika juma la kwanza, omba mkalimani wa Kiswahili, omba jina na namba ya moja kwa moja ya mratibu wa huduma, na useme unataka kufanya tathmini siku hiyo hiyo. Mkalimani ni haki ya mgonjwa, bila malipo, chini ya Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010, na kifungu hicho kinakataza kumtegemea mtoto mdogo atafsiri isipokuwa katika dharura. Mama wa Fizi alikuwa akitafsiriwa na mjukuu wa miaka 12. Mtoto huyo ndiye aliyelazimika kumwuliza bibi yake kama anashindwa kuzuia mkojo.

Lakini zaidi ya simu, kuna tofauti ambayo wakala hatakueleza kwa sababu mara nyingi haijui. Chini ya jina moja la D-SNP kuna aina tatu. Ya kwanza ni ile inayoratibu tu: kampuni inalipwa na Medicare, huku Medicaid ya mzee ikibaki jimboni au katika kampuni nyingine kabisa. Ya pili huitwa HIDE. Hapo kampuni ile ile au ndugu yake inasimamia pia sehemu ya Medicaid, yaani ama huduma za muda mrefu ama afya ya akili. Ya tatu huitwa FIDE, na hapo kampuni moja inabeba Medicare na Medicaid kwa pamoja, ikiwemo gharama ya msaidizi wa nyumbani na ya makao ya wazee.

Lirudie sasa swali letu. Katika aina ya kwanza, mzee akishindwa kuishi nyumbani, gharama ya kumweka katika makao hailipwi na mpango. Una sababu ya kumzuia asilazwe hospitalini, lakini hauna sababu kubwa ya kumtafutia saa za msaidizi, na kwa kweli hauna uwezo wa kuziidhinisha. Mratibu wake atakupa namba ya simu ya ofisi ya jimbo, basi. Katika aina ya tatu, siku anayoingia katika makao, mpango ule ule ndio unaoanza kulipa. Ghafla reli ya kushikia bafuni inakuwa na faida kwa kila mtu.

Minnesota, ambako kuna Wakenya na Wasomali wengi, iliunganisha bima hizi mbili mapema kuliko majimbo mengine, tangu mwaka 1997, katika mpango uitwao Minnesota Senior Health Options. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Afya ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha wanachama wake na wazee wa jimbo hilo hilo ambao Medicare na Medicaid zao zilikuwa mbalimbali, ukakuta kwamba walioungwa walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 48 wa kulazwa hospitalini. Sidai kwamba kila jimbo litapata matokeo hayo, kwa kuwa Minnesota ina historia yake. Ila ni ushahidi kwamba muundo wenyewe una uzito, na kwamba kuuliza "ni HIDE, ni FIDE, au ni ya kuratibu tu?" si ushamba wa mtu anayependa vifupisho.

Upande wa pili wa shilingi ni vibali. Mipango yote ya Medicare Advantage, D-SNP ikiwemo, huruhusiwa kudai kibali cha awali. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo ilieleza mnamo Aprili 2022 kwamba, katika maombi yaliyokataliwa iliyoyapitia, asilimia 13 yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare na yangelipwa bila matatizo katika Medicare ya kawaida. Wagonjwa wachache hupinga. Wanaopinga hufanikiwa mara nyingi. Barua ya kukataliwa ikija, mgonjwa ana siku 65 za kukata rufaa, na daktari akisema kwamba kuchelewa kutamdhuru, mpango unapaswa kujibu ndani ya saa 72. Hii ndiyo bahasha isiyopaswa kukaa mfukoni bila kufunguliwa.

Na ile kadi ya chakula? Siibezi. Dola 60 au 100 za mboga kwa mwezi ni kitu katika nyumba yenye watu saba, na meno ya bandia humrudishia mtu uwezo wa kula nyama na kucheka mbele ya watu. Lakini faida hizi hubadilika kila Januari, ilhali daktari wa figo akipotea, kumpata mwingine ni suala la miezi. Hakikisha kwanza madaktari wote, hospitali na duka la dawa wamo katika mtandao wa mpango, yaani wanaipokea bima hiyo, kwa kuzipigia simu ofisi zao wenyewe, wala si kwa kutazama orodha ya kampuni. Baada ya hapo, ndipo uitazame kadi.

C-SNP na I-SNP

Hizi mbili nazipitia kwa haraka, kwa sababu kwa wasomaji wengi wa makala hii si chaguo la kwanza. C-SNP ni kwa mwenye ugonjwa sugu uliotajwa katika orodha rasmi, kama vile kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi, demensia, VVU au figo zilizokufa. Inafaa kwa mtu mwenye Medicare asiye na Medicaid ambaye ugonjwa mmoja umetawala maisha yake. Mwenye Medicaid akiingia humo, bima zake mbili zitabaki mbalimbali.

I-SNP ni kwa aliye katika makao yenye wauguzi, au anayehitaji utunzaji wa kiwango hicho, kwa siku 90 au zaidi. Uzuri wake ni muuguzi wa ngazi ya juu anayefika hapo hapo makaoni, anayeweza kutibu homa ya mapafu kitandani kwa mgonjwa badala ya kumrusha kwa gari la wagonjwa usiku wa manane. Kwa mzee mwenye demensia, safari ile ya usiku peke yake inaweza kumwondolea akili iliyobaki. Kama mzazi wako yuko makaoni tayari, uliza kama makao hayo yana mpango huo.

PACE: dereva ni mmoja wa timu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mtaa wa Wachina wa San Francisco, familia za wahamiaji hazikutaka kuwapeleka wazee wao katika makao ya mbali ambako hakuna aliyezungumza lugha yao wala kupika chakula chao. Wanajamii wakaanzisha kituo kilichoitwa On Lok, ambako mzee aliletwa asubuhi, akala, akatibiwa, akafanya mazoezi, na jioni akarudi kulala kwake. Kutokana na kituo hicho ulizaliwa mpango wa PACE, uliofanywa kuwa wa kudumu katika Medicare kwa sheria ya mwaka 1997, na leo uko katika zaidi ya majimbo 30.

Masharti yake ni manne. Awe na umri wa miaka 55 au zaidi. Aishi katika eneo linalohudumiwa na kituo. Jimbo lithibitishe kwamba hali yake ni ya mtu anayestahili makao yenye wauguzi. Na aweze, kwa kusaidiwa, kuishi salama nyumbani. Akikubaliwa, kituo kinalipwa kwa kichwa na Medicare na Medicaid zote mbili, na kuanzia hapo kinabeba kila kitu: daktari, dawa, hospitali, meno, miwani, msaidizi wa nyumbani, usafiri, na hata makao ya wazee ikifika huko. Mwenye Medicaid halipi chochote kwa huduma ambazo timu imeziidhinisha. Hapa swali la nani atalipa halina utata.

Kanuni za PACE zinataja watu kumi na mmoja wa timu, kutoka daktari na muuguzi hadi mtaalamu wa lishe, na wa mwisho katika orodha ni dereva. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani ni urasmi tu. Kisha nikaona. Mama wa Fizi alihamia PACE mwezi Juni, na dereva wake ni kijana kutoka Bujumbura. Asubuhi moja nilikuwepo aliposhuka garini, akapanda ngazi, akabisha hodi.

"Jambo mama. Umeamkaje?"

"Jambo sana, baba. Niko."

Hakumshika mkono mara moja. Alisimama akamtazama anavyotoka chumbani na fremu yake ya kutembelea. Aliona kwamba amevaa ndala badala ya viatu, na kwamba mguu wa kulia umevimba kuliko wa kushoto. Hakumwambia kitu. Alipofika kituoni alimwambia muuguzi, na kabla ya saa sita mchana mama alikuwa amepimwa damu iliyoganda mguuni. Hakuna dodoso la simu ambalo lingeuona mguu ule.

PACE ina bei yake, nayo si ya fedha. Mzee anawaacha madaktari wake wa zamani, isipokuwa wale ambao kituo kina mkataba nao. Akienda kwa mtaalamu bila timu kuidhinisha, isipokuwa katika dharura, bili ni yake. Wengine hawapendi kukaa ukumbini na watu wasiowaelewa, na mzee anayekaa kimya siku nzima mbele ya televisheni ya Kiingereza hapati faida yote. Nenda naye akatembelee kituo kwa nusu siku kabla ya kusaini. Angalia kama kuna hata mfanyakazi mmoja anayezungumza lugha yake, na wanamlisha nini. Na kama binti au mkwe analipwa na jimbo kwa kumtunza mzee nyumbani, uliza kwa maandishi saa hizo zitakuwaje, kwa kuwa PACE inakuwa chanzo pekee cha huduma zote na ndiyo itakayoamua.

Mambo yanayotuhusu sisi zaidi

Wazee wetu husafiri. Medicare, kwa kawaida, hailipii matibabu nje ya Marekani. Lakini mipango inatofautiana katika kumsubiri msafiri: Medicare Advantage kwa kawaida humwondoa aliyekaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo, ilhali PACE inaweza kumwondoa baada ya siku 30 isipokuwa imekubali sababu yake mapema. Malipo ya SSI, posho ya shirikisho kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, nayo husimama mtu akikaa nje ya nchi siku 30, na mara nyingi Medicaid yake imeshikamana na SSI hiyo. Mzee anayetaka kwenda Ujiji au Mombasa kumzika ndugu yake aijulishe timu kabla ya kukata tiketi.

Nyumba ni jambo la pili. Jimbo linatakiwa na sheria kudai, baada ya kifo cha aliyekuwa na miaka 55 au zaidi, fedha ambazo Medicaid ililipia huduma za muda mrefu, na hudai kutoka katika mali aliyoiacha. PACE na FIDE hazikuepushi na hilo. Kama nyumba ya familia imeandikwa jina la mzazi, mwone mwanasheria wa msaada wa kisheria kabla ya kuomba huduma hizo.

La tatu ni hadhi ya uhamiaji. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi, ambao bado hawajawa wakaazi wa kudumu, katika orodha ya wanaostahili Medicaid ya shirikisho kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na imewaondoa pia katika Medicare. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini, na familia nyingi huahirisha hadi fomu zinasahaulika. Kwa mzee mwenye dawa saba, ombi hilo linatangulia uchaguzi wowote wa mpango.

Ningechaguaje

Kama mzee anahitaji mikono ya mtu mwingine kuoga, kuvaa au kwenda msalani, na kituo cha PACE kinahudumia mtaa wake, hapo ndipo ningeanzia, na ningehitaji sababu nzito ili niachane nacho. Kama hakuna PACE, ningetafuta FIDE, kisha HIDE. D-SNP ya kuratibu tu ningeichagua pale tu madaktari wote wamo ndani na familia inahitaji kweli meno, miwani au usafiri ambao Medicaid ya jimbo lao haitoi.

Mtu wa pili niliyemsaidia alikuwa tofauti kabisa. Ni kaka wa Lamu mwenye miaka 41, anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki na ambaye amejiandikisha katika orodha ya kusubiri figo katika hospitali ya chuo kikuu. PACE haimhusu kwa sababu ya umri. Tangu mwaka 2021 wagonjwa wa figo wanaruhusiwa kujiunga na mpango wowote wa Medicare Advantage, kwa hiyo simu za mawakala hazikukatika kwake. Tulipiga simu mahali pane: kituo cha kusafishia damu, daktari wa figo, timu ya upandikizaji, na daktari wa upasuaji aliyemtengenezea mshipa wa mkononi. Mpango mmoja uliwapokea watatu kati ya wanne, na aliyekosekana ni timu ya upandikizaji. Akabaki na Medicare ya kawaida na Medicaid, mkewe akiwa ndiye mratibu, na daftari la kurasa mia ambalo ndani yake ameandika kila dawa, kila tarehe na jina la kila aliyepokea simu.

Uchaguzi si ndoa. Tangu mwaka 2025, mwenye Medicaid anaweza mwezi wowote kurudi katika Medicare ya kawaida na mpango wa dawa, au kuingia katika D-SNP iliyoungwa na Medicaid yake. Kuhama kutoka D-SNP ya kawaida hadi nyingine ndiko kunakosubiri dirisha la tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, au la tarehe 1 Januari hadi 31 Machi. PACE huachwa wakati wowote, na kutoka huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Kwa ushauri usio na kamisheni, kila jimbo lina ofisi ya SHIP, ambayo huduma yake ni ya bure, na simu ya Medicare, 1-800-633-4227, hupokewa usiku na mchana. Unapopiga sema neno "Swahili," kisha subiri mkalimani aingie.

Mama wa Fizi bado ana mfuko wa plastiki, lakini sasa huubeba kwenda kituoni kila Jumatatu, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii anazifungua bahasha pamoja naye.